Je, Bila Guru Mtu Hawezi Kuamka Kiroho?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 29, nafanya kazi Arusha. Nilianza yoga kwa sababu ya mgongo, yoga ikanipeleka kwenye tahajudi (kukaa kimya na kutuliza akili), na sasa nimejiunga na kikundi kinachomfuata guru (mwalimu wa kiroho) mmoja wa India aliye hai. Tunakutana Jumapili sebuleni kwa mama mmoja, mbele ya picha ya guru iliyovishwa maua. Tunaimba, tunakaa kimya, halafu tunasikiliza mafundisho yake. Nimepata utulivu ambao sikuwahi kuupata. Lakini wananiambia bila guru hakuna kuamka, na kwamba mwezi ujao nipokee mantra (neno takatifu la kukariri), niape kumtii na nitoe mchango wa kuanzia. Nilipouliza kuhusu maisha yake, na pesa zinakwenda wapi, nikajibiwa kwamba shaka ni nafsi inayopigana ili isife. Nyumbani mama analia kwamba nasujudia mtu. Ni kweli guru ni lazima? Na wa kweli anajulikanaje?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nianze na machozi ya mama, maana hayo hayasubiri mwezi ujao.

India watu wanagusana miguu kila siku. Mtoto humgusa mama yake asubuhi ya mtihani, bibi harusi huwagusa wakwe, mpiga tabla humgusa mwalimu wake kabla hajaketi kwenye ngoma. Ni adabu, kama pwani kwetu tunavyobusu mkono wa shekhe au wa babu, na hakuna anayedhani tumewaabudu. Hilo unaweza kumweleza mama. Lakini usiishie hapo ukajifanya umemaliza, kwa sababu kwa guru mambo huzidi adabu. Ubeti unaoimbwa sana mbele ya picha kama hiyo yenu unasema waziwazi kwamba guru ni Brahma, guru ni Vishnu, guru ni Shiva, yaani miungu mikuu mitatu ya Kihindu. Upanishadi ya Shvetashvatara, moja ya maandiko ya kale ya Kihindu, nayo mwishoni kabisa inasema siri zake humfungukia yule anayempenda Mungu kwa upendo wa juu, na anayempenda guru kama anavyompenda Mungu. Kwa Mhindu haya hayana tatizo, kwa kuwa kwake uungu umekaa ndani ya kila kiumbe, na kwa guru pazia ni jembamba zaidi. Wewe kama ni Mkristo au Mwislamu na unataka kubaki hivyo, usijidanganye kwamba kuimba maneno hayo ni salamu tu. Mama yako hajui Kisanskriti, lugha ya ubeti huo, lakini sikio lake halijakosea.

Zipo njia za huko huko zilizoliona tatizo hili zikalitafutia dawa. Masingasinga walikuwa na maguru kumi wa damu na nyama, kuanzia Guru Nanak aliyezaliwa 1469. Wa kumi, Guru Gobind Singh, alipokuwa anakufa mjini Nanded mwaka 1708, alifunga mlango huo: kuanzia siku hiyo guru ni kitabu, Guru Granth Sahib. Huna haja ya kupanda ndege kulishuhudia jambo hili. Ukisafiri barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, shuka Makindu, kwenye hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926, enzi za watu wa reli. Unavua viatu, unafunika kichwa, unaingia ukumbini, na unakuta wazee wazima wanaweka paji la uso sakafuni mbele ya kitabu kilicholazwa juu ya mito na kufunikwa vitambaa vizuri. Ukitoka hapo unapewa dengu, chapati na chai bure, na hakuna anayekuuliza dini yako. Ibada ya guru imebaki na moto wake wote, ila hakuna tena mtu wa kuuza jina lake.

Sasa, je, guru ni lazima? Maandiko mengi ya Kihindu yanasema ndiyo, tena bila kumung'unya. Upanishadi ya Mundaka inamwambia mtafutaji aende kwa guru na kuni mkononi, maana mwanafunzi wa zamani alifika kama mtumishi wa moto wa mwalimu wake. Angalia lakini imeweka masharti mawili juu ya guru mwenyewe: awe ameyasoma na kuyashika maandiko, na awe amesimama imara ndani ya ule ukweli anaoufundisha. Msomi aliye mkavu hatoshi. Wala hatoshi mwenye hali nzito za kiroho ambaye hana elimu ya kuzipimia. Hivyo tangu mwanzo, andiko lile lile linalosema nenda kwa guru linakupa na kipimo cha kumpimia.

Na kazi yake ni ipi hasa? Hapa napenda mfano ambao Uddalaka anampa mwanawe Shvetaketu katika Upanishadi ya Chandogya. Mtu ametekwa kutoka nchi ya Gandhara, amefungwa kitambaa machoni, ametupwa nyikani. Anapiga kelele huku na huku. Anatokea mmoja, anamfungua kitambaa na kumwambia: Gandhara iko upande ule, nenda. Yule mtu, kama ana akili, anauliza kijiji hadi kijiji mpaka anafika kwao. Ndivyo, anasema Uddalaka, aliye na mwalimu anavyojua. Mfunguaji hakumbeba yule mtu mgongoni, hakumwambia abaki naye nyikani amshukuru maisha yake yote, wala hakumkataza kuuliza njia kwa wengine. Nimewasikia wahubiri wengi wa guru wakiutumia mfano huu, na karibu wote huishia pale kitambaa kinapofunguliwa.

Wapo pia walioamka bila guru wa kibinadamu, na mashuhuri zaidi katika nyakati za karibu ni Ramana Maharshi, mtakatifu wa Kihindu. Julai 1896, akiwa kijana wa miaka 16 nyumbani kwa baba yake mdogo mjini Madurai, alishikwa ghafla na hofu ya kifo, ilhali mwili ulikuwa mzima. Badala ya kukimbilia daktari alijilaza sakafuni, akakaza viungo kama maiti, akajiuliza: mwili huu ukichomwa, anayesema "mimi" atakuwa amekufa naye? Alipoinuka hakuwa yule tena. Wiki chache baadaye alitoroka nyumbani akaenda kwenye mlima Arunachala, Tiruvannamalai, akafika tarehe 1 Septemba, na hakuondoka tena mpaka alipofariki Aprili 1950. Wakimuuliza guru wake ni nani alikuwa akiutaja mlima. Yeye mwenyewe hakuwa na desturi ya kuwapa watu mantra kwa sherehe wala kuwaapisha, lakini hakusema kwamba guru hahitajiki. Msimamo wake ulikuwa kwamba guru wa kweli ni ile nafsi halisi iliyo ndani yako kabisa, si ile ya kujipenda, na kwa kuwa hatuko tayari kuisikia, inatutokea kwa nje ikiwa na sura ya mtu. Na yeye huyo aliyeonwa na maelfu kuwa Mungu anayetembea aliamka alfajiri akaingia jikoni mwa ashramu, makazi yake na wafuasi wake, kukata mboga na wapishi, na akipakuliwa chakula kizuri kuliko wenzake aligomba.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: kwa watu wengi mwalimu ni wa lazima kama ilivyo katika muziki au udaktari, kwa sababu mtu mwenyewe hawezi kuona anapojidanganya. Lakini kwamba mwalimu huyo lazima awe huyu wa kikundi chako, lazima mwezi ujao, na lazima kwa kiapo, hakuna Upanishadi inayosema hivyo.

Tuje kwenye shaka, maana naona hapo ndipo walipokukaba koo. Nitakusimulia habari za Ramakrishna kwa urefu kidogo. Alizaliwa 1836 kijijini Kamarpukur, Bengali, akawa kuhani katika hekalu la Kali la Dakshineswar, kando ya Calcutta, na ndiye anayetajwa kila mara watu wanapotaka mfano wa guru na mwanafunzi wake. Mwishoni mwa mwaka 1881 alijiwa na kijana wa chuo wa miaka 18, Narendranath Datta, mwanasheria mtarajiwa, mwanachama wa Brahmo Samaj, kundi la Wahindu waliokataa sanamu. Narendra alikuwa na swali moja alilokuwa akiwauliza wakubwa wa dini: bwana, umemwona Mungu? Wengine walimjibu kwa hotuba. Ramakrishna akamjibu: ndiyo, namwona kama ninavyokuona wewe, ila kwa uwazi zaidi.

Jibu hilo lilimgusa. Lakini siku hiyo hiyo yule kuhani alimvuta pembeni akalia machozi, akamwambia amemsubiri muda mrefu, akamkunjia mikono kana kwamba yeye kijana ndiye Mungu. Narendra akaondoka akijua moyoni kwamba mzee hana akili timamu, ingawa ni mtakatifu. Safari iliyofuata Ramakrishna alimwekea mguu mwilini, na kijana akaona kuta na chumba kizima vinazunguka na kutoweka. Akapiga kelele: unanifanya nini, mimi nina wazazi nyumbani! Mzee akacheka, akampapasa kifua, akasema basi, si lazima yote yawe leo.

Yaangalie hayo mambo mawili: kijana alikataa, na guru alisimama. Hakumwambia kwamba hofu yake ni nafsi inayopigana.

Miaka iliyofuata Narendra alimpima mzee kama mfua dhahabu. Ramakrishna alisema mwili wake hauvumilii kugusa fedha. Narendra akavizia mzee yuko nje, akaficha rupia moja chini ya godoro. Mzee akarudi, akakaa, akaruka kama aliyechomwa. Wahudumu wakatafuta kitandani mpaka sarafu ikaanguka, huku Narendra amekaa kimya anatazama. Alipojua ni nani aliyefanya hivyo, guru hakukasirika. Akafurahi. Alikuwa akiwaambia vijana wake wampime kama wabadilisha fedha wanavyopima sarafu zao. Ukitaka kujua kikundi chako kina roho ya nani, jiulize wangekufanyaje wewe ungeficha hiyo rupia.

Shaka hiyo iliendelea karibu miaka mitano. Mwaka 1886, Ramakrishna akiwa anakufa kwa saratani ya koo katika nyumba ya bustani ya Cossipore, vijana wakimuuguza kwa zamu, Narendra alisimama karibu na kitanda akiwaza bado: angesema sasa, katika maumivu haya, kwamba yeye ni nani, ningemwamini. Na inasimuliwa mzee alimjibu lile wazo. Aliyempima namna hiyo ndiye dunia inayemjua kwa jina la Vivekananda, aliyesimama Chicago mwaka 1893 mbele ya bunge la dini za ulimwengu, na aliyeanzisha shirika la Ramakrishna Mission mwaka 1897 kwa jina la guru wake. Sijui ibada gani kwa guru inaizidi hiyo, na ilipita katikati ya shaka.

Lakini nikiacha hapo nitakuwa nimekuonyesha upande mmoja tu. Ramakrishna huyo huyo alikuwa na mfuasi mwingine, Girish Chandra Ghosh, mwandishi wa tamthilia, mlevi maarufu wa Calcutta, mtu wa matusi. Girish alimuuliza afanye nini ili aokoke. Mzee akamwambia amkumbuke Mungu asubuhi na jioni. Girish akafikiria maisha yake yalivyo, akanyamaza. Basi kabla ya kula na kabla ya kulala? Hata hilo hakuthubutu kuliahidi. Mzee akasema: basi niachie mimi shughuli yako yote, nipe uwakili. Girish akafurahi, akaona ameshinda bahati nasibu. Baadaye ndipo akagundua alichotia saini. Siku moja alisema "nitafanya jambo fulani", akakumbushwa kwamba aliyekwisha kumpa mwingine uwakili hana tena "nitafanya". Aseme Mungu akipenda. Miaka ya mbele alikiri kwamba mwenye kusali ana saa zake na zikiisha amemaliza, ila yeye kila pumzi ilibidi aangalie anaivuta kwa nguvu ya nani. Ghosh hakuombwa senti, wala pombe hakukatazwa. Iliondoka yenyewe kwa muda wake.

Kumbe kujitoa kwa guru ni kitu halisi, na kinabadilisha watu. Ni kwa sababu ile "mimi" haiwezi kujiondoa yenyewe; kila inapojaribu inajisifu kwa kujaribu. Upendo kwa mtu mwingine huifanya isahau kujitazama, na hapo ndipo utulivu unaouona Jumapili unapotoka. Sitaki uudharau. Wenye tarika kwetu wanalijua jambo hili vizuri wanaposema muridi awe mbele ya shekhe kama maiti mikononi mwa muoshaji. Lakini hata maiti huoshwa kwa kanuni zinazojulikana, na muoshaji hawezi kuzibadili. Shekhe naye ana sharia juu ya kichwa chake, na ana silsila ya walimu wanaojulikana kwa majina. Guru asiye na kitu chochote juu yake ndiye wa kumwogopa.

Kwa hiyo waliokuambia kwamba shaka ni nafsi hawakutunga uongo mtupu. Ipo shaka ya mtu asiyetaka kuamka saa kumi na moja alfajiri, anayetafuta kasoro za mwalimu ili apate ruhusa ya kulala. Hiyo unaijua mwenyewe inapokujia. Lakini swali la pesa zinakwenda wapi halijawahi kuwa la kiroho. Ni la mahesabu, na anayelijibu kwa falsafa amekwepa. Bhagavad Gita, andiko la Kihindu, sura ya nne, inamwambia mtafutaji aupate ujuzi kwa kuinama, kwa kuuliza na kwa kutumikia. Kuuliza kumewekwa katikati ya hayo mawili, na wanaokutaka uiname na utumikie wameruka neno. Buddha alikwenda mbali zaidi: katika mazungumzo yanayohusu kumchunguza mwalimu aliwataka watawa wamchunguze yeye mwenyewe, kwa macho na kwa masikio, waone kama mwenendo wake una doa, na kama alivyo mbele ya umaarufu ndivyo alivyokuwa kabla yake. Kabir naye, mfumaji wa Varanasi, ambaye aliimba kwamba guru na Mungu wakisimama pamoja angeanza kushika miguu ya guru kwa kuwa ndiye aliyemwonyesha Mungu, aliimba vilevile kwamba guru kipofu na mwanafunzi kipofu wanasukumana mpaka kisimani. Na Kularnava, kitabu cha watu wa tantra, njia ya Kihindu ya mantra na ibada za siri, ambao hakuna anayewazidi kwa kumtukuza guru, kinasema maguru wanaonyang'anya mali ya wanafunzi wako wengi, na anayeondoa huzuni ya mwanafunzi ni nadra.

Hizi tahadhari zina sababu. Mwaka 1984 huko Oregon, Marekani, viongozi wa jumuiya ya guru Bhagwan Shree Rajneesh walitia vijidudu kwenye saladi za mikahawa ili kuhujumu uchaguzi wa wilaya. Waliougua walikuwa 751. Mwaka 2017 mahakama ya India ilimtia hatiani guru Gurmeet Ram Rahim Singh kwa kuwabaka wafuasi wake wawili wa kike, na wafuasi wake walipofanya ghasia watu zaidi ya 30 walikufa. Nasi hatuna sababu ya kuwacheka Wahindi: msitu wa Shakahola, Kilifi, mwaka 2023 ulifukuliwa miili zaidi ya 400, na pale hapakuwa na guru wala mantra, palikuwa na mahubiri na watu waliofundishwa kutouliza.

Wa kweli anajulikanaje, basi? Usitazame miujiza, wala macho yake kwenye picha, wala wingi wa watu. Tazama walioondoka. Tafuta mtu aliyemfuata guru huyo miaka kadhaa kisha akaacha, umsikilize, halafu uangalie kikundi kinamzungumziaje. Wakisema kwa upole kwamba njia yake ilikuwa nyingine, hiyo ni dalili njema sana, na wakisema amelaaniwa, umeshapata jibu. Tazama waliokaa miaka kumi: wamekuwa wapole zaidi kwa waume zao, kwa wafanyakazi wa ndani, kwa madereva wa bodaboda, au wamekuwa wapole kwa picha tu? Tazama kama mafundisho yanafanana kwa kila mtu. Narendra aliachiwa hoja zake na Girish akaachiwa ulevi wake, kwa sababu mzee alimjua kila mmoja. Guru anayefundisha maelfu kupitia kioo cha simu au runinga hawezi kukujua hivyo, na hilo si kosa lake, ila usimpe mtu asiyekujua mamlaka aliyopewa yule aliyekaa na mwanafunzi wake miaka mitano. Msikilize kama mwalimu mzuri wa mbali, inatosha. Na mambo ya mwili hayana mjadala: guru, au mtu anayesema kwa niaba yake, akigusia chumba cha faragha, siri usimwambie mtu, au ukate mawasiliano na mama, unaondoka siku hiyo hiyo bila kuaga.

Nikishauri kwa hali yako: mwezi ujao usipokee mantra. Mwambie yule mama mwenye sebule, kwa adabu, kwamba unaomba mwaka mmoja wa kuja Jumapili bila kiapo na bila mchango. Hutakuwa umebuni kitu; mapokeo ya tantra yenyewe yanawapa guru na mwanafunzi muda wa kuchunguzana kabla ya kufungana. Uliza tena swali la pesa, mbele ya watu wawili watatu, kwa sauti ya kawaida: mchango unaingia akaunti ya nani, na nani anakagua hesabu. Tahajudi yako ya asubuhi endelea nayo, hiyo ni yako na hawezi kukunyang'anya mtu. Mama mwalike siku moja aje akae nyuma atazame. Wakikataa asiingie, rudi naye nyumbani.